Wageni wa Rohero: kura iko nyumbani, kikapu kiko ugenini

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini Bujumbura usemi huo si fumbo hata kidogo. Jumamosi asubuhi shughuli nyingi za mji husimama, maduka hufungwa na magari huwa machache barabarani, ili wakazi wapate kushiriki kazi za jumuiya. Mifereji huzibuliwa, majani hufyekwa na takataka huzolewa. Mkazi wa kigeni aliyepanga nyumba katika eneo la Rohero, katikati ya mji, hujifunza upesi kwamba siku hiyo si ya kwenda sokoni mapema wala ya kumwahidi rafiki safari ya asubuhi. Akiwa mwenye busara, naye hutoka na fagio lake.

Wageni hao ni wengi na wa namna nyingi. Wako watumishi wa balozi na wa mashirika ya kimataifa, walimu, wahasibu, mafundi wa simu na kompyuta, wafanyabiashara wa jumla, na familia zilizofuatana nao. Wametoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo; wako pia Wahindi, Wagiriki na Wabelgiji, ambao baadhi yao wana vizazi kadhaa katika mji huo. Wakikutana jioni, mazungumzo yao hurudia mambo mawili. La kwanza ni siasa, hasa ya kwao walikotoka. La pili ni kikapu: bei ya mchele, petroli, kodi ya nyumba na thamani ya faranga. Mambo hayo mawili yanahusiana kuliko inavyodhaniwa.

MJI WA WAGENI TANGU ZAMANI

Bujumbura, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Usumbura, ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walikabidhiwa Ruanda-Urundi, nao wakaufanya mji huo kuwa makao makuu ya utawala wao. Kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni, mji uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walijengewa Rohero, kwenye barabara pana zenye miti ya kivuli. Wafanyabiashara wa Kiasia walikuwa na mtaa wao. Waafrika walipangwa Buyenzi na mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza.

Wengi wa wakazi wa Buyenzi walitoka Ujiji na upande wa Kongo, nao walikuja na Kiswahili chao. Ndiyo maana hata leo mtu anayetoka Kigoma au Uvira hahitaji mkalimani katika masoko ya Bujumbura. Pia ndiyo maana neno "mgeni" katika mji huo si jepesi kulieleza. Yuko aliyezaliwa Buyenzi, na baba yake akazaliwa hapo hapo, naye bado huulizwa babu yake alitoka wapi.

Mwaka 2014, tarafa kumi na tatu za zamani za Bujumbura ziliunganishwa kuwa tatu, na Rohero ikawekwa ndani ya Mukaza. Mwaka 2019 sheria ilihamishia makao makuu ya kisiasa Gitega, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa uchumi. Hata hivyo balozi nyingi zimebaki Bujumbura, na kwa hiyo Rohero imeendelea kuwa mtaa wa wageni.

FUNZO LA MWAKA 1961

Barabara kuu ya biashara katika eneo hilo ina jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Kiongozi huyo wa chama cha UPRONA alishinda uchaguzi wa Septemba 1961 akawa Waziri Mkuu. Usiku wa Oktoba 13 mwaka huo huo, alipokuwa akila chakula katika hoteli moja kando ya Ziwa Tanganyika, alipigwa risasi akafa. Aliyefyatua risasi hiyo alikuwa Mgiriki mkazi wa mji huo, jina lake Jean Kageorgis. Njama ilikuwa ya wapinzani wa kisiasa wa Rwagasore, lakini mkono uliotumika ulikuwa wa mgeni. Kageorgis alitekelezewa hukumu ya kifo Juni 30, 1962, siku moja kabla ya Burundi kupata uhuru.

Ziko njia nyingi za kulitazama tukio hilo. Wageni walio wengi wa mji ule hawakuwa na hatia yoyote, na haifai hata kidogo kuwatia wote katika kapu moja. Lakini tangu hapo kila mgeni wa Bujumbura ana sababu ya kujua mpaka ulipo. Kuwa na maoni si kosa. Mtu aliyeishi mahali miaka kumi, akalipa kodi na kusomesha watoto hapo, hawezi kuwa kipofu wa mambo ya mahali hapo. Kosa huanza pale anapokubali kuwa chombo cha kundi moja dhidi ya jingine, katika ugomvi ambao hatalipia gharama zake. Yeye ana pasi na ndege; jirani yake hana pa kwenda.

NANI HUPIGA KURA?

Kuhusu siasa ya nyumbani, wageni wa Rohero hawako sawa, na jambo hilo huzua mabishano mengi ya kirafiki.

Wakenya ndio walio na neema zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010 ilitambua haki ya raia walio nje kupiga kura, nayo ianze kutekelezwa hatua kwa hatua. Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, vituo viliwekwa katika nchi nne za jirani: Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Walioandikishwa katika nchi zote nne walikuwa 2,637 tu. Mwaka 2022 hesabu hiyo ilifikia 10,444 katika nchi kumi na mbili, na Burundi ilikuwa mojawapo. Kura yao ni ya Rais peke yake. Hawachagui mbunge wala gavana. Hata hivyo, kwa Mkenya wa Bujumbura, kusimama kwenye foleni na kutia karatasi katika sanduku lake mwenyewe ni jambo la heshima.

Mtanzania hana nafasi hiyo. Anayetaka kupiga kura sharti awe nyumbani siku ya uchaguzi, tena kwenye kituo alikoandikishwa. Kwa mtu wa Kigoma safari inawezekana, kupitia Mugina na Manyovu, ikiwa ana ruhusa ya kazi na nauli. Kwa mtu wa Mtwara au Pemba ni hadithi nyingine. Wapo wanaosema kwamba mtu akiondoka nchini ameondoka, na wanaobaki ndio waamue. Wapo wanaojibu kwamba fedha wanazotuma nyumbani hazibaguliwi mpakani, basi kwa nini kura ibaguliwe?

Wakongo wana kisa cha ajabu zaidi. Uvira iko karibu kilomita thelathini tu kutoka Bujumbura, kiasi kwamba wakati wa amani watu hufanya kazi upande mmoja na kulala upande wa pili. Katika uchaguzi wa Desemba 20, 2023, Kongo iliwaruhusu kwa mara ya kwanza raia wake walio nje kupiga kura, lakini katika nchi tano za majaribio: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Mkongo wa Brussels alipiga kura huko huko, na yule wa Rohero, anayeiona milima ya kwao ng'ambo ya ziwa kila asubuhi, alilazimika kuvuka mpaka au kukaa kimya.

Burundi yenyewe huwakumbuka raia wake walio nje. Katika kura ya maoni ya katiba ya Mei 17, 2018, walio ugenini walipiga kura kwenye balozi zao. Kwa hiyo mwenyeji wa Rohero anayesikiliza mabishano ya wageni huweza kuwa na ndugu yake Ulaya mwenye maswali yale yale.

Liko pia suala la Afrika Mashariki yenyewe. Burundi ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi Julai 1, 2010, inazungumzia uhuru wa watu kusafiri, kufanya kazi na kuishi katika nchi wanachama. Lakini wabunge tisa wa kila nchi katika Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na mabunge ya nchi zao. Mtu anayeishi maisha ya Afrika Mashariki kwa vitendo, aliyezaliwa nchi moja, akaoa ya pili na kufanya kazi ya tatu, hana mbunge wa kumwita wake. Malalamiko haya husikika mara kwa mara, na hayana jibu la haraka.

KIKAPU NA FARANGA

Siasa huishia pale mama wa nyumba anapouliza: leo tutakula nini?

Soko Kuu la Bujumbura, lililokuwa hatua chache kutoka nyumba nyingi za Rohero, liliteketea kwa moto Jumapili ya Januari 27, 2013. Tangu hapo wanunuzi hutawanyika, wengine Kwa Siyoni, wengine kwenye masoko ya vitongoji. Chakula chenyewe si kigeni kwa mtu wa Afrika Mashariki: maharage, ndizi za kupika, unga wa muhogo, sombe ambayo Mtanzania huiita kisamvu, na lengalenga ambazo kwao ni mchicha. Ziwa hutoa mukeke na sangala, na dagaa ambao huko huitwa ndagala. Mama anayejua kupika maharage kwa ndagala na mawese hatapungukiwa na protini mezani, hata nyama ikipanda bei.

Shida kubwa ni fedha. Burundi ina bei mbili za dola: ya benki na ya mtaani. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, dola ikapanda kutoka takriban faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Mtaani bei iliendelea kukimbia mbele, hata mwaka 2025 ikapita maradufu ya ile ya benki. Chukua mfano wa mwalimu anayelipwa kwa faranga, huku mwenye nyumba akipendelea kukubaliana kodi kwa dola. Mshahara wake haukupunguzwa hata senti, lakini kila mwezi unanunua siku chache zaidi za kuishi. Jirani yake anayelipwa kwa dola anaona vitu ni rahisi. Wote wawili huitwa "wageni wa Rohero", na maoni yao juu ya uchumi hayafanani kamwe.

Kuna funzo jingine la mwaka huo huo. Juni 2023 Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, ikatoa siku kumi tu za kuzibadilisha. Waliokuwa wameweka akiba chini ya godoro walihangaika, na aliyekuwa safarini alirudi akakuta makaratasi. Mkazi wa ugenini asiyesoma matangazo ya serikali ya nchi anayoishi hujidhuru mwenyewe.

Petroli nayo imekuwa adimu kwa miaka kadhaa, na foleni kwenye vituo zimekuwa sehemu ya maisha. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Matokeo yake ni kwamba anayechagua nyumba hana budi kuuliza kwanza umbali wa kazi na shule kwa miguu, kabla ya kuuliza idadi ya vyumba. Nyumba nzuri iliyo mbali ni mzigo siku gari linapokosa mafuta.

SIKU MAMBO YANAPOCHAFUKA

Aprili 26, 2015 maandamano yalianza katika vitongoji kadhaa vya Bujumbura, kikiwemo Nyakabiga, kinachopakana na Rohero. Mei 13, wakati viongozi wa Afrika Mashariki wakikutana Dar es Salaam kuzungumzia Burundi, baadhi ya wanajeshi walijaribu kuipindua serikali mjini Bujumbura. Jaribio hilo lilishindwa, lakini katika siku hizo mbili tatu vituo kadhaa vya redio viliharibiwa, maduka na benki vilifungwa, na watu walijifungia majumbani bila habari za hakika.

Ndipo ilipodhihirika kaya ipi ilijiandaa. Iliyokuwa na unga, maharage, maji, mkaa, mishumaa na fedha kidogo taslimu ilikaa salama hadi njia zilipofunguka. Isiyokuwa na akiba ililazimika kutoka nje saa ambayo kutoka kulikuwa hatari. Maoni ya kisiasa ya mwenye nyumba, yawe ya upande wowote, hayakupika uji wa mtoto.

Mapema mwaka 2025, mapigano ya mashariki ya Kongo yalipofikia Goma na Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Burundi. Wakongo wenye nyumba mjini Bujumbura walipokea shangazi, wajomba na watoto wa ndugu. Nyumba ya watu watano ikawa ya kumi na watano. Hapo mgeni alikuwa mwenyeji wa mgeni mwingine, na mabishano ya siasa ya Kongo yalifanyika usiku, sufuria ikiwa tupu.

DAFTARI NA NYUMBA KUMI

Askari polisi wanaosoma haya wataelewa jambo lifuatalo kuliko wengine. Bujumbura kila nyumba hutakiwa kuwa na daftari la kaya, lenye majina ya wote wanaolala humo. Ukaguzi unapofanyika, daftari ndilo huulizwa kwanza. Mgeni wa Rohero anayempokea shemeji kutoka Mwanza kwa wiki mbili, akaona ni jambo la kifamilia lisilohusu serikali, hujiletea usumbufu usio wa lazima. Ngazi ya kwanza ya kwenda ni kiongozi wa nyumba kumi, na Warundi hutumia neno hilo hilo la Kiswahili. Mtanzania aliyezoea balozi wa nyumba kumi hana la kujifunza hapo, ila kukumbuka adabu ya kwenda kujitambulisha kabla hajaitwa.

Hati zina uhai wake. Pasi huisha muda, kibali cha kuishi huisha muda, na mara nyingi huisha wakati mmoja. Anayengoja mpaka wiki ya mwisho hujikuta ameshikwa katikati: hawezi kupata kibali bila pasi, na pasi mpya haitoki siku moja. Mtoto aliyezaliwa ugenini naye aandikishwe mapema, kwa mamlaka za nchi alipozaliwa na kwa ubalozi wa wazazi wake. Kenya huruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Wazazi wa nchi mbili tofauti hawana budi kulijua hilo mtoto akiwa mdogo, si siku anapoomba nafasi ya chuo.

HATA ASKARI NI MGENI

Familia za wanajeshi zisidhani kwamba habari hizi ni za raia tu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2007 hadi mwisho wa 2024, Burundi ilipeleka askari Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika. Kwa miaka mingi posho iliyotolewa kwa kila askari ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, na sehemu yake ilibakizwa na serikali yake. Mke aliyebaki Bujumbura aliingia katika hesabu zile zile za Rohero: fedha itafika lini, itabadilishwa kwa bei ipi, itatosha ada au bati la nyumba? Wake wa askari wa Tanzania waliokwenda Kongo na Darfur wanayajua maswali hayo.

Askari ana sharti moja zaidi. Raia ugenini anaweza kubishana juu ya siasa ya wenyeji akasamehewa; mwenye sare haruhusiwi. Neno lake dogo hutafsiriwa kuwa neno la nchi yake.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa familia inayojiandaa kuhamia nchi ya jirani, iwe Burundi au kwingineko, haya yafaa kuwekwa akilini:

1. Nakala za pasi, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa na kadi za chanjo ziwe katika mfuko mmoja usioingia maji, na mtu wa nyumbani awe na nakala nyingine.

2. Jiandikishe ubalozini katika mwezi wa kwanza, si siku ya matata.

3. Weka chakula kikavu, maji na nishati ya siku kumi. Maji ya kunywa yachemshwe, hasa katika miji ya kando ya ziwa ambako kipindupindu hutokea. Watoto walale ndani ya chandarua.

4. Badilisha fedha kwa njia halali na uhifadhi risiti. Usiweke akiba yote katika fedha ya aina moja wala mahali pamoja.

5. Jua tarehe za kujiandikisha kupiga kura kwenu, ikiwa nchi yako inaruhusu kura ya nje. Haki isiyotumiwa huonekana haihitajiwi.

6. Jifunze salamu za wenyeji. Kiswahili kitakufikisha sokoni, Kifaransa kitakufikisha ofisini, bali neno la Kirundi asubuhi, "mwaramutse", litakufikisha kwenye moyo wa jirani.

Mwananchi hubeba nchi yake popote aendapo, nayo humsumbua usiku kwa habari zake. Hilo ni jema. Lakini Jumamosi asubuhi, mfereji wa maji machafu unaopita mbele ya nyumba zote za mtaa wa Rohero hauulizi nani ni raia na nani amepanga. Ukiziba, mvua ikija, hufurika kwa wote. Anayeshika fagio siku hiyo, hata asipokuwa na kura hapo, amekwisha kutoa maoni yake, nayo yanasikika.